Shaba Katika Tangi la Wagonjwa

Sura ya Tano

Tangi la ukumbi wa kungojea lilikuwa na kila kitu isipokuwa samaki. Taa inawaka, mapovu yanapanda, majani yanachezacheza, na mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba amekaa akilikodolea macho kama anayesubiri filamu ianze. Inspekta alisimama karibu naye, akainama, akachungulia nyuma ya jiwe. Hakukuwa na kitu.

"Wamehamishwa," mgonjwa alimwambia, akiwa ameshika shavu. "Nasikia wanaugua. Hapa hata samaki wanalazwa."

Inspekta hakuwa inspekta tena. Alikwisha kustaafu polisi, akachukuliwa na baraza la madaktari wa wanyama kuchunguza malalamiko, na lile jina likakataa kustaafu naye. Katika kazi hii mpya alikwisha kuchunguza ng'ombe waliodungwa dawa iliyoharibika na mbwa aliyepasuliwa mguu usiouma. Samaki ilikuwa mara ya kwanza. Wale aliowafahamu yeye walikuwa wa kwenye sahani.

Daktari wa meno alitokea mlangoni mwa chumba chake kabla Inspekta hajabisha. Alikuwa mwanamke mrefu, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi linatisha, na mikono yake ilionekana ya mtu anayeosha mikono tangu alfajiri.

"Wewe ndiye wa baraza? Karibu. Wamekufa saba. Wawili wa mwisho nimewakuta leo asubuhi. Tangini amebaki mmoja, na huyo mmoja aliletwa na mama yangu siku nilipofungua kliniki hii. Mama hayupo tena. Kwa hiyo usiniambie kwamba ni samaki tu."

"Sijasema, Daktari."

"Ulitaka kusema."

Ni kweli alitaka kusema. Akaona heri aulize. "Unamlaumu nani?"

"Daktari wa samaki mliyempa leseni ninyi wenyewe. Amewatilia shaba kwenye maji. Shaba! Mtu mzima, mwenye shahada ukutani, anatia madini kwenye maji ya viumbe hai, halafu wakifa anashangaa. Nimelizungushia tangi utepe. Nimemkataza kugusa chochote mpaka ufike."

"Baraza linakaa leo alasiri," Inspekta alisema. "Nikiwapigia simu nikasema alizidisha dozi, leseni yake inakwenda. Nataka ujue hilo kabla hatujaanza."

"Najua. Ndiyo maana nimewaita." Lakini sauti yake ilipungua ukali kidogo. "Yuko kule nyuma. Amegoma kuondoka."

* * *

Tangi la wagonjwa liliwekwa katika chumba cha kusafishia vyombo, chumba chembamba chenye meza ndefu ya chuma, sinki, birika la umeme, na mashine mbili kubwa zilizokuwa zikinguruma. Mbele ya mashine alisimama mwanamume mnene mwenye kofia ya karatasi, akipanga koleo za meno kwenye sinia. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuua vijidudu kwa mvuke, kliniki nzima ilimwita Mvuke, na yeye aliitika kwa fahari.

Mwisho wa meza, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Huyu ndiye waliyemwita Daktari Mapezi. Alikuwa ameweka uso karibu na kioo kiasi kwamba pumzi yake ilifanya ukungu juu yake. Utepe mweupe wa bandeji ulizungushwa kwenye tangi mara nyingi kama kidonda kilichofungwa. Juu ya kioo kulikuwa na karatasi yenye neno moja kubwa kwa mkono wake: WAGONJWA.

"Wewe ni wa baraza," alisema bila kugeuka. "Nikatie huu utepe."

"Maswali kwanza."

"Maswali yatangoja. Huyu hatangoja."

Inspekta aliinama. Ndani, karibu kabisa na uso wa maji, alielea samaki mwekundu mwenye mkia mrefu kama kitambaa cha hariri. Matamvua yake yalikuwa yakifunguka na kufungika upesi upesi, na kila mara mdomo wake ulitoka nje kunyakua hewa.

"Nikikata utepe, ushahidi umekwenda na maji," Inspekta alisema. "Nijibu haraka, tutamaliza haraka. Kwa nini shaba?"

Mapezi akageuka. Alikuwa na macho mekundu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Kwa sababu walikuwa na vimelea. Walianza kujikwaruza kwenye mawe, mapezi wameyabana. Nikawamulika kwa tochi ubavuni nikaona vumbi, kama wamepakwa unga wa dhahabu. Huo si urembo. Ni wadudu wasioonekana kwa macho, kila mmoja amejichimbia kwenye ngozi anakula. Wakishika matamvua, samaki anazama akiwa ndani ya maji."

"Na shaba inawaua wakiwa pale pale kwenye ngozi?"

"Pale haiwapati. Wakishashiba wanabanduka, wanazaana, na watoto wao wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Hapo ndipo shaba inawanasa. Kwa hiyo lazima kipimo kisimame palepale mchana na usiku. Kikishuka, wanapita. Kikipanda, samaki ndiye anakufa."

"Njia nyembamba."

"Nyembamba, ndiyo. Ingekuwa pana wasingenihitaji."

Inspekta alikuwa na desturi yake ya zamani ya kuuliza mambo shaghalabaghala, mwisho kabla ya mwanzo, kisha kurudia swali moja kwa sura nyingine. Waongo hupanga maelezo yao kama shanga kwenye uzi, na ukiukata uzi shanga hutawanyika. Akaanza.

"Konokono wa tangi kubwa wako wapi?"

"Bakulini, pale dirishani. Shaba inamuua konokono kabla hajajua kimempata nini. Na yule kambare mdogo niliyemweka nao hana magamba, ngozi tupu, angekunywa dawa yote peke yake. Namtibu kwa njia nyingine, polepole."

Inspekta akaenda dirishani. Konokono walikuwa wakipanda kioo bila haraka yoyote, na kambare akamtazama kwa masharubu. Walikuwa wazima wote.

"Tangi hili ni la lita ngapi?"

"Kiwandani wameandika mia. Sikuwaamini. Nikalijaza kwa ndoo niliyoipima mwenyewe, na halikufika. Ningefuata maandishi yao, ningekuwa nimezidisha dozi hata kabla sijaanza."

"Mawe umeyatoa kwa nini?"

"Mawe na makombe ya baharini yana chokaa, yanakula shaba. Leo yanakula, kesho yanatapika. Humu hakuna kitu ila maji, samaki na bomba la hewa."

"Ulitia dozi yote kwa pamoja?"

"Kwani natia chumvi kwenye mchuzi? Nusu kwanza. Nikapima. Kesho yake nikapima tena, ndipo nikaongeza. Na hewa nikaizidisha, maana samaki aliye kwenye dawa anahitaji pumzi zaidi."

"Na dawa gani nyingine ulichanganya?"

"Hakuna. Dawa mbili kwenye maji mamoja ni wake wenza, siwawezi."

Mvuke akacheka kwa pua, kisha akakumbuka kuna msiba akanyamaza.

Inspekta alirudia maswali yale kinyumenyume. Akamuuliza kuhusu mawe kana kwamba yalibaki, kuhusu dozi kana kwamba ilikuwa moja. Kila mara mwanamke yule alimrudisha kwenye mstari kwa sauti ileile, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi mzito. Na lazima isemwe waziwazi: Inspekta alianza kufurahi. Alikwisha kuwahoji wapasuaji, marubani na mafundi wa mabomu, na wachache sana waliwahi kumweleza kazi yao kwa usafi namna ile, kila hatua ikiwa na sababu yake na hakuna hatua ya kujionyesha. Akajikaza asimwonyeshe, maana mpelelezi akishampenda anayehojiwa, kazi imeharibika.

"Sasa tupime," alisema.

Alitoa kwenye begi lake vichupa vya baraza vilivyofungwa kwa lakiri, akachota maji kwa bomba la sindano kupitia upenyo wa utepe, akajaza vichupa vitatu kwa tahadhari, kimoja kikiwa cha kutumia sasa hivi. Akatia matone ya dawa ya kupimia. Maji yakageuka buluu hafifu. Akaweka kichupa juu ya kadi ya rangi, akasogea kwenye mwanga, akavaa miwani, akavua.

"Kimesimama," alisema taratibu. "Palepale panapotakiwa. Hakuna kilichozidi."

"Nilikuambia."

"Sasa wanakufa kwa nini?"

Swali hilo lilimuumiza Mapezi kuliko mashtaka yote.

"Sijui," alisema. "Wewe mwenyewe mulika. Lile vumbi limekwisha, vimelea vimekwenda, dawa imefanya kazi. Alitakiwa awe anaomba chakula. Badala yake anapumua kama amekimbia. Na kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Nakuja hapa kila jioni kliniki ikifungwa. Kila jioni nikipima, shaba imepungua. Naijazia mpaka mahali pake, naondoka. Kesho yake imepungua tena. Inakwenda wapi? Tangi tupu haliwezi kula shaba."

"Mkaa wa chujio unanyonya dawa. Umesahau mkaa."

"Fungua uone."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inspekta akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya meza, akafungua chujio. Ndani kulikuwa na sifongo peke yake, hata chembe ya mkaa hakuiona. Alipokuwa chini aliona pia madumu mawili makubwa meupe yamesimama ukutani, yamejaa hadi shingoni, na mpira mwembamba wa kunyonyea maji umeanikwa juu ya bomba la sinki.

"Huu mpira wako?"

"Wangu uko kwenye boksi langu. Huo wa kliniki."

Akainuka akijipangusa magoti, akamgeukia Mvuke. "Na wewe bwana. Unapulizia nini humu ndani? Dawa ya vidudu? Mafuta ya kung'arisha chuma?"

"Mimi?" Mvuke alikumbatia sinia lake. "Mzee wangu, mimi napika vyombo kwa mvuke. Hicho tu. Ningependa hata kupulizia kitu, lakini Daktari ana pua inayosikia harufu kabla haijatoka. Tena hawa samaki nimewapenda. Kwangu mimi shida si samaki, ni maji."

"Maji gani?"

"Ya mashine. Ile pale inachemsha maji ya bomba, inakusanya mvuke, mvuke unapoa unakuwa maji matupu, hayana kitu ndani yake. Wenye magari wanayaita maji ya betri. Bila hayo mashine yangu ya vyombo inaota ukoko na kufa. Jioni naacha madumu mawili yamejaa. Nikifika asubuhi, matupu! Wagonjwa wanangoja, vyombo havijapikwa, Daktari ananiangalia vibaya. Nimemwambia fundi aje aangalie mashine, nadhani inavuja."

"Sakafu ilikuwa na maji?"

"Kavu. Ndiyo ajabu yake."

"Na leo?"

"Leo yamejaa. Unayaona. Leo tu ndiyo nimeyakuta jinsi nilivyoyaacha."

Inspekta aliyatazama tena madumu. Alikwenda sinkini kuosha mikono iliyoshika chujio. Akapaka sabuni, akasugua, akasugua tena. Sabuni haikutoa povu, bali ilibaki mikononi kama utelezi wa kijivu. Akatazama birika la umeme lililokuwa pembeni, akafunua kifuniko. Ndani lilikuwa limejaa ukoko mweupe mgumu, tabaka juu ya tabaka.

"Maji yenu ya bomba yanakula sabuni," alisema.

"Maji magumu sana haya," Mvuke alisema. "Chokaa tupu. Kwani kwa nini nahitaji ile mashine?"

Nyuma yao kigoda kilikwaruza sakafu. Mapezi alikuwa amesimama.

"Inspekta, ameanza kulala ubavu. Nisikilize. Unataka mtu wa kulaumu, sivyo? Andika. Andika kwamba nilizidisha dozi, nimewaua wote saba, nitatia sahihi sasa hivi. Chukua leseni. Lakini niruhusu nimtoe huyu kwenye maji haya."

Aliyasema bila kulia na bila kupaza sauti. Mvuke alivua kofia yake ya karatasi. Inspekta alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa tayari kubadilishana kazi yake ya maisha na uhai wa samaki wa mtu mwingine, samaki wa yule yule aliyemshtaki, na akaona haya kwa mzaha wake wa sahani. Alimheshimu tangu dakika hiyo na hakuficha tena.

"Sipokei uongo hata ukiwa na sahihi," alisema kwa upole. "Nipe muda wa kunawa mikono tu."

Alichukua kichupa kimoja cha maji ya tangi. Akachukua kingine kitupu, akakijaza kwenye bomba la sinki. Kwa kisu chake cha mfukoni akakwangua sabuni, akatia unga wa sabuni kidogo katika kila kimoja, akaviziba, akavitikisa vyote viwili kwa pamoja, kimoja kila mkono.

"Mama yangu alikuwa mfuaji," alisema huku akitikisa. "Alikuwa anapima maji hivi kabla hajapoteza sabuni yake."

Akaviweka mezani. Kile cha bomba kilikuwa na maji meupemeupe na uchafu wa sabuni ukielea, povu hakuna. Kile cha tangi kilikuwa na povu hadi kwenye kizibo, jeupe, zito, na halikuwa na dalili ya kushuka.

Mashine ya mvuke ilipiga mluzi wake wa kumaliza na Mvuke hakuisogelea.

"Daktari Mapezi," Inspekta alisema, "siku ya kwanza uliweka maji gani humu ndani?"

"Ya bomba. Nikaondoa klorini, nikapima ugumu wake. Yalikuwa magumu, ndiyo maana nikachagua kipimo hiki cha..." Akasimama katikati ya sentensi. Akarukia boksi lake, akatoa kichupa kingine, akajaza maji kutoka kwenye kile cha tatu, akaanza kudondosha matone. Siku ya kwanza, alieleza, alidondosha mpaka akachoka ndipo rangi ikageuka. Safari hii tone la pili halijatulia na rangi imekwisha kugeuka.

"Laini," alinong'ona. "Laini kama mvua. Mungu wangu."

"Nieleze kama unamweleza Mvuke."

"Chokaa iliyomo kwenye maji magumu inaishika shaba, inaifunga kamba. Inabaki ya kutosha kuwaua wadudu, lakini matamvua ya samaki inayaacha. Ukiondoa chokaa, kipimo ni kilekile, kadi inaonyesha rangi ileile, lakini sasa shaba imefunguliwa kamba. Inakwenda moja kwa moja kwenye matamvua. Nilipima shaba kila jioni, Inspekta. Ugumu niliupima siku ya kwanza tu. Nilijua maji ya bomba hili hayabadiliki, sikurudia. Hilo kosa ni langu."

"Lakini mtu aliyabadilisha."

"Alichota maji yangu akaweka mengine. Alipochota, alichota na shaba yangu. Ndiyo maana ilikuwa inapungua!"

"Na wewe jioni ukaijazia. Kila asubuhi chokaa inapungua, kila jioni shaba inarudi."

Wote wawili waligeuka wakamtazama Mvuke.

"Msinitazame hivyo!" Mvuke alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. "Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Najua," Inspekta alisema. "Madumu yamebaki yamejaa asubuhi ile ile tangi lilipofungwa utepe, kwa hiyo maji yako yalikuwa yanaingia humu. Nani anafika hapa kabla yako?"

Mvuke aliikunja kofia mkononi. Alitazama ukutani juu ya sinki, na Inspekta akayafuata macho yake. Pale palikuwa na kibao cha plastiki, herufi nyekundu, kilichokuwa pale tangu siku ya kwanza ya kliniki kiasi kwamba hakuna aliyekisoma tena: MGONJWA HAPEWI MAJI YA BOMBA. HATA TONE. Kisha macho ya Inspekta yakashuka hadi kwenye karatasi ya Mapezi juu ya kioo, na lile neno lake moja.

"Mwite," alisema.

* * *

Daktari wa meno aliingia akivua glavu. "Umemaliza?"

"Swali moja. Nani alikuwa anabadilisha maji ya samaki hawa?"

"Mimi," alisema papo hapo, hata hakufikiri. "Kila asubuhi kabla ya wagonjwa. Walikuwa wananya, chakula kinabaki chini, siwezi kuacha mgonjwa alale kwenye uchafu. Nachota ya chini kwa mpira, nawawekea maji ya mashine. Maji safi kuliko yote katika jengo hili. Leo sikugusa kwa sababu ya uchunguzi wenu. Kwa nini?"

"Hukumwambia Daktari Mapezi?"

"Kumwambia nini? Kwani nikinawa mikono namwambia mtu?"

Kisha akaziona nyuso zao. Aliona vile vichupa viwili mezani, kimoja na povu lake. Alikuwa na shahada naye, alikuwa amesoma kemia siku zake, na akili yake ilikuwa kali. Inspekta aliyaona macho yake yakitoka kwenye kichupa hadi kwenye madumu, kutoka kwenye madumu hadi kwenye birika, na kurudi. Hakuna aliyehitaji kumweleza, na Inspekta alishukuru kwa hilo, maana katika kazi yake yote hakuwahi kupenda sehemu hii.

"Ugumu," alisema kwa sauti ndogo. "Niliondoa ugumu."

"Kikulacho ki nguoni mwako" ni maneno ambayo Inspekta aliyasema mara nyingi mwishoni mwa kesi. Safari hii aliyameza. Mtu huyu hakuwala samaki wake. Aliwahi kazini kabla ya jua kupanda, akawainamia mmojammoja, akawapa kile alichokithamini kuliko vyote.

"Naweza kukata huu utepe sasa?" Mapezi aliuliza.

"Kata."

Aliukata kwa mkasi wa kliniki, mara moja. Kutoka chini ya meza alivuta beseni la maji ya bomba aliyokwisha kuyatayarisha tangu asubuhi, klorini imetolewa, bomba la hewa limo ndani, likimngoja mtu wa kutoa ruhusa. Akamnyanyua yule samaki kwa bakuli pamoja na maji kidogo, si kwa wavu, asimkwaruze.

"Humtupi kwenye maji mapya kwa ghafla," alisema, akiongea na yeyote. "Ametoka kwenye laini anakwenda kwenye magumu. Tunamchanganyia. Hakuna shaba tena, hakuna dawa yoyote. Chokaa na pumzi tu."

Simu ya Inspekta ikalia. Lilikuwa baraza. Mwenyekiti alikuwa na haraka: dozi ilizidi au haikuzidi?

"Haikuzidi," Inspekta alisema. "Tiba ilikuwa sahihi, vimelea vimekwisha. Maji ndiyo yaliyo..."

Daktari wa meno alinyoosha mkono. "Nipe."

Alimpa.

"Mimi ndiye mlalamikaji," alisema kwenye simu. "Nafuta malalamiko yangu. Samaki niliwaua mimi, kwa maji yangu, kwa mkono wangu. Daktari wenu hana kosa."

"Nina kosa," Mapezi alisema kwa sauti bila kuinua kichwa kutoka kwenye bakuli. "Mwambie sikurudia kupima ugumu. Aandike."

"Hana kosa, nimesema."

"Ninalo! Kila nikipima shaba nilitakiwa nipime na ugumu. Aandike ili wengine wasirudie."

"Mwenyekiti, usimsikilize, hajalala."

Inspekta alikaa kwenye kigoda. Miaka yote aliyofanya kazi hii aliwaona watu wakirushiana kosa kama kaa la moto. Hawa wawili walikuwa wakilinyang'anyana, na kila mmoja alikuwa na haki ya kulishika. Aliona fahari ya ajabu, kama ndugu zake ndio waliofanya hivyo.

Alipopewa simu aliisogeza sikioni. "Umesikia, Mwenyekiti? Leseni inabaki. Na hilo la ugumu, andika wapelekewe madaktari wote wa samaki." Akakata.

"Nahitaji mtu wa kumimina," Mapezi alisema. "Mvuke ana mikono mikubwa."

Daktari wa meno alitazama kibao chake cha herufi nyekundu. Kisha akakunja mikono ya lile koti lililopigwa pasi, akapiga magoti sakafuni kando ya beseni, akachota kikombe cha maji ya bomba. Alikishika juu ya bakuli na hakukimimina. Ndani, samaki wa mama yake alikuwa amelala ubavu, jicho moja likitazama juu.

"Nisije nikammaliza."

"Hummalizi. Kidogo kidogo. Nitakuambia lini."

"Sasa?"

"Sasa."

Alimimina. Wakangoja. Akachota tena, akamimina, na tena, Mapezi akihesabu sekunde kwa midomo bila sauti, Mvuke akiwa amesimama na kofia mkononi. Hakuna aliyejua ilikuwa mara ya ngapi pale ule mkia wa hariri ulipojikunjua. Samaki alijigeuza, akakaa wima, akateleza chini mbali na uso wa maji, na matamvua yake yakapunguza mwendo.

Daktari wa meno alibaki na kikombe kitupu hewani. Machozi yalikuwa yakimdondoka hadi kwenye koti na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maji.

"Sasa?" aliuliza.

"Ngoja apumzike," Mapezi alisema, akasogea kidogo ili wakae wote wawili.